Shimo la Baba Lisiloshiba

Wengine hurithi shamba, wengine hurithi sauti nzuri ya kuimba. Mama Povu alirithi kwa baba yake duka la udobi lenye mashine tatu, pasi mbili nzito, na shimo nyuma ya nyumba ambalo lilikuwa likimeza maji ya kufulia mwaka nenda mwaka rudi bila kujaa. Baba alilichimba mwenyewe, kina cha mtu na nusu, akalifunika kwa kifuniko cha zege. Majirani wenye mashimo ya kawaida waliita gari la kunyonya maji machafu kila baada ya miezi michache. Baba hakuliita hata mara moja. Wageni wakija, kabla hawajaonyeshwa pa kukaa, aliwapitisha uani wasikilize maji yanavyoteremka, kisha akawaambia, "Shimo langu halishibi," kwa majivuno ya mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Alipofariki, Mama Povu aliendeleza kazi na akaendeleza majigambo.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, shimo likaeleza lenyewe kwa nini lilikuwa halishibi.

Mama Povu alikuwa uani akianika mashuka ya hosteli ya wauguzi. Alisikia mdundo mzito, kama gunia la unga lililodondoshwa sakafuni, na alipogeuka, kamba ya tatu haikuwepo. Nguzo zake mbili, mashuka saba na kifuniko cha zege vilikuwa vimezama ardhini, na mahali pake palikuwa na tundu la mviringo ambalo lingeweza kumeza gari dogo na dereva wake. Lilikuwa hatua kumi tu kutoka mlango wa jikoni. Shuka la nane lilikuwa limening'inia ukingoni kwa kibanio kimoja. Mtu mwingine angekimbia. Mama Povu, ambaye ni dobi mpaka kwenye uboho, alilala kifudifudi akalivuta lile shuka kwanza, ndipo akapiga kelele.

Mumewe alitoka mbio na pasi mkononi, waya ukimfuata nyuma kama mkia. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Pasi. Alikuwa amepiga pasi kwa miaka thelathini akiwa amesimama, na labda ndiyo sababu, alipokaa tu, usingizi ulimchukua. Alishawahi kulala harusini, msibani, na hata kwenye kiti cha daktari wa meno huku mdomo ukiwa wazi. Siku ile alisimama ukingoni akiwa macho kabisa, akatazama chini, akauliza kama kuna mtu ndani. Mama Povu akamjibu kwamba ndani kuna mashuka saba ya wauguzi, na kwamba hilo linatosha.

Kufika mchana, watu walikuwa wamejaa uani. Kila aliyekuja alichungulia, akatikisa kichwa, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye duka la viatu alisema, fundi cherehani akasema, mwalimu mstaafu akasema mara mbili. Mama Povu alihesabu mpaka kumi na moja, kisha akatangaza kwamba atakayesema tena ndiye atakayetumika kuziba ufa. Watu walicheka, na yeye pia akacheka, kwa sababu alikuwa hajaona bado afisa wa halmashauri akiingia na kipande cha chaki.

Afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha zaidi kuliko ukali. Alipima kwa hatua, akagonga kuta, kisha akachora alama kubwa ya X kwenye mlango wa jikoni. Akaeleza kwamba ardhi ikishatitia mara moja haiaminiki. Angerudi Ijumaa saa tisa alasiri na hati ya kubomoa nyumba na duka, ila kama mtaalamu wa miamba atamwandikia kwamba vyumba vimekaa juu ya mwamba mgumu. Akasema pole, akaondoka.

Mama Povu alizaliwa katika chumba cha pili kutoka jikoni. Kaunta ya duka ilikuwa na mbonyeo mahali ambapo viwiko vya baba yake viliegemea kwa miaka, na sasa viwiko vyake mwenyewe vilikaa humo humo.

Mtaalamu alikuja Jumatano. Alikuwa binti mwembamba, mwenye viatu vikubwa kuliko yeye, na nyundo ndogo ambayo hakuiweka chini. Aligonga mawe ya msingi, akagonga sakafu, akagonga ngazi, kisha akasikiliza kama daktari anayepima kifua. Kabla ya chai watoto walikuwa wameshampa jina la Binti Nyundo. Alijifunga kamba kiunoni, Mzee wa Pasi na fundi cherehani wakaishika, akateremka ndani ya shimo na tochi. Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi na anatabasamu, jambo lililomkera Mama Povu kidogo. Hata hivyo akamletea chai.

Binti Nyundo hakunywa kwanza. Aliomba kipande cha sabuni ya mche, akakiweka chini ya bomba la uani lililokuwa likidondosha tone moja moja, akasema wakitazame baada ya chakula cha mchana. Walipokitazama, kilikuwa na kitundu katikati.

"Mwamba wa hapa ni mawe ya chokaa, mama," alisema. "Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo huokota ukali kidogo, ule ule unaowasha ulimi ukinywa soda, ila hafifu sana. Mwaka mmoja haufanyi kitu. Miaka elfu nyingi inachimba pango."

Akaendelea kueleza, na Mama Povu, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona maji yanavyokula sabuni, alielewa upesi kuliko alivyotaka. Udongo wa juu ulikuwa ukidondoka ndani ya nyufa za mwamba, konzi kwa konzi, kuanzia chini kwenda juu, mpaka ikabaki dari nyembamba na kamba ya mashuka juu yake. Na hata jabali lile refu mwisho wa mtaa, ambako watu huteremka ngazi mia mbili kwenda bondeni, lilikuwa ukingo wa mwamba huo huo. Mto ulikula tabaka laini la chini, la juu likakosa pa kukaa, likavunjika vipande vipande. Ndiyo maana ukuta wake umesimama wima, na mawe makubwa kama nyumba yamelala miguuni pake.

"Na maji yangu?" Mama Povu aliuliza. "Maji ya kufulia?"

"Yaliharakisha. Yalikuwa yanauosha udongo na kuupeleka chini kila siku." Binti Nyundo alisita, kwa sababu alikuwa ameshasimuliwa majigambo ya marehemu. "Shimo lisiloshiba, mama, ni shimo lenye mlango wa pili."

Mama Povu aliutazama ua. Kwa hiyo miaka yote ile baba alipokuwa akiwasikilizisha wageni maji yanavyoteremka, walikuwa wakisikiliza nyumba ikichimbwa. Alitaka kukasirika, akashindwa. Akajikuta anacheka peke yake, maana alimwona baba yake ameweka mkono sikioni, anafurahi.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu: mlango wa pili uko wapi. Chini ya jabali kulikuwa na chemchemi mbili. Ya kusini ilitokea kwenye tanuri la matofali. Maji yakitokea kule, basi yanapita chini ya jikoni na vyumba vyote, na hati ya kubomoa itakuwa ya haki. Ya kaskazini ilitokea kwenye kitalu cha miche cha mama mmoja mwenye bata weupe. Maji yakitokea huko, basi pango linapita chini ya uwanja wa kuanikia, ambao hauna kitu ila kamba, na nyumba imekaa juu ya mwamba mzima.

Mzee wa Pasi alikohoa. Mama Povu akatazama kucha zake.

"Huyo mama mwenye bata," alisema mwishowe, "ni dada yangu."

Na hapo ikabidi Binti Nyundo asimuliwe. Dada huyu, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa akipanda ngazi mia mbili kila Ijumaa kuja kukunja mashuka naye. Mashuka makubwa hayakunjwi na mtu mmoja. Baba aliwafundisha wangali wadogo, mmoja pembe hizi, mwingine pembe zile, mnavuta, mnakutana katikati. Kisha miaka miwili iliyopita dada alikuja na chupa ya maji badala ya mikono mitupu. Aliiweka juu ya kaunta mbele ya wateja, akaitikisa, ikatoa povu. Akasema chemchemi yake inanuka sabuni na miche inakauka. Mama Povu alimuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani tangu lini sabuni ikawa na miguu ya kuteremka jabali. Wateja walivunjika mbavu. Dada aliichukua chupa yake, akateremka, na tangu siku hiyo salamu zilipitia kwa Mzee wa Pasi kama barua. Mama Povu alianza kukunja mashuka kwa kufunga pembe mbili kwenye kitasa cha mlango. Kitasa hakina umbea, hakina habari za shangazi, na hakivuti.

Binti Nyundo hakutoa hukumu. Alisema tu kwamba njia ya kujua ni kumwaga rangi shimoni na kungoja iibuke, na kwamba rangi yake maalumu ilibidi iagizwe, ingechukua wiki tatu. Afisa alikuwa anarudi baada ya siku mbili.

"Rangi gani?" Mama Povu aliuliza.

"Yoyote isiyodhuru, ila iwe nyingi na ionekane."

Mama Povu aliinuka, akaenda stoo, akarudi akiburuta katoni. Ndani yake mlikuwa na makopo kumi na saba ya nili, ule unga wa bluu unaotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Siku hizi wateja hawakuuliza tena nili, na alikuwa ameyaweka kwa kukosa moyo wa kuyatupa. Binti Nyundo alifungua kopo moja, akachovya kidole, kidole kikawa cha bluu mpaka Jumapili. Akasema inafaa.

Alhamisi yote ilikwisha wakijaza tangi, na Ijumaa saa moja asubuhi walikoroga makopo yote kwenye pipa, wakalimwaga shimoni, kisha wakafungulia tangi zima la maji liifuate. Binti Nyundo akaenda tanuri la matofali, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na hofu. Mzee wa Pasi akatumwa kwenye kitalu, kwa kuwa shemeji hafukuzwi. Alikatazwa kumwambia dada chochote, na alikatazwa kukaa.

Mama Povu alibaki dukani. Habari ya X ilikuwa imeenea, na wateja walikuwa wakija mmoja mmoja kuchukua nguo zao kabla ya paa kuziangukia. Alizifunga, akazitoa, akatabasamu, huku roho yake ikiwa kwenye ngazi mia mbili. Katikati ya mafurushi ndipo alipogundua kitu kilichomfanya asimamishe mikono. Kwa miaka miwili alikuwa ameapa kwamba maji yake hayafiki kwa dada. Na sasa, tangu alfajiri, alikuwa akimwomba Mungu yawe yamefika. Alikuwa anaomba awe alikosea. Hakuwahi kuomba kitu kama hicho maishani, na alishangaa kwamba kilimtoka kwa moyo mweupe.

Saa nne Mzee wa Pasi alipiga simu: maji meupe. Saa sita alipiga tena: maji meupe, na dada ameleta kiti. Mama Povu alimwambia asikikalie. Alisema hatakikalia. Baada ya hapo simu yake iliita bila kupokelewa, na Mama Povu akajua.

Saa nane Binti Nyundo alirudi kutoka tanurini, miguu imejaa matope. Bado hajaona kitu. Alimweleza Mama Povu kwamba hiyo haikuwa habari mbaya wala nzuri. Mapango mengine hukawia siku nzima. Afisa naye akatokea mapema, saa tisa kasoro robo, na bahasha mkononi, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyeleta shati. Dukani palikuwa na watu saba.

Ndipo wakasikia kelele za bata barabarani.

Dada aliingia anahema kwa ngazi mia mbili, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni, na kwapani amembana bata. Bata yule alikuwa wa bluu. Hakuwa na madoa ya bluu. Alikuwa wa bluu mdomo hadi mkia, bluu iliyokolea, na macho yake yalikuwa na hasira ya haki. Dada alipita katikati ya wateja, akamweka juu ya kaunta, pale pale alipowahi kuweka chupa.

"Nimeleta bata," alisema, "maana nilipoleta chupa hamkuniamini."

Mama Povu alimtazama bata. Akamtazama dada. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka kilikuwa kati ya kicheko na kilio. Alizunguka kaunta, akamkumbatia dada yake na bata akiwa katikati, wote wawili wakigeuka bluu.

Dada alikuwa amejiandaa kwa vita, na hakuna kinachomchanganya aliyejiandaa kwa vita kama kukumbatiwa. Aliuliza kama mdogo wake ni mgonjwa.

"Dada," Mama Povu alisema, akamwachia, akageuka ili wateja wote wasikie, kwa sauti ile ile ya miaka miwili iliyopita. "Dada yangu alisema maji yangu yanafika kwake. Yanafika. Alisema kweli, na mimi nilimfanya achekwe mbele za watu. Nimekosa. Nisamehe, dada."

Neno "nimekosa" lilikuwa halijawahi kusikika katika duka lile, hata siku kola ya bwana harusi ilipoungua. Mwenye duka la viatu alikiri baadaye kwamba ndilo lililomliza, siyo bata.

Dada alirudisha kitambaa chake kichwani. "Umesema vizuri," alisema. "Sema tena."

Akasema tena, na safari hii watu wakapiga makofi. Binti Nyundo tayari alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, karatasi juu ya goti, anamwandikia afisa: maji yameibuka kaskazini, pango liko chini ya uwanja wa kuanikia, vyumba na duka vimekaa juu ya mwamba. Aliandika pia namna ya kuliziba: mawe makubwa chini, madogo juu yake, kokoto, kisha udongo, ili mvua ipite lakini udongo usipite, na maji ya kufulia yajengewe tangi lake la kuchuja, yasimfuate mtu tena bondeni. Afisa alisoma, akamtazama bata kama shahidi, akairudisha bahasha mfukoni. Mama Povu alimpa kitambaa kibichi. Alimwambia chaki hutoka kwa maji matupu, na afisa akaenda kufuta X yake mwenyewe.

"Na mumeo je?" dada aliuliza. "Nimemwacha amelala kwenye kiti changu. Bata wawili wa bluu wamempandia mapajani na hajui."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha dada akakunja uso na kudai bata wake arudishwe alivyokuwa, kwa kuwa hapa ni kwa dobi. Mama Povu alikunja mikono ya gauni, akamtia kwenye karai, akamjaribu kwa sabuni ya mche, kwa sabuni ya unga, kwa limau. Bata alivumilia. Rangi ilipungua kutoka bluu ya usiku hadi bluu ya sare za shule, ikakataa kwenda zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa doa kumshinda Mama Povu, na alilikubali bila manung'uniko. Manyoya mapya yangeota.

Wateja walianza kurudisha mafurushi yao kwenye kaunta, wakijifanya wamesahau kwa nini waliyachukua. Jua lilikuwa limeteremka dirishani. Juu ya meza ya kukunjia palikuwa na lile shuka la nane, peke yake, limefuliwa upya. Mama Povu alilichukua kwa mazoea, akaelekea mlangoni kufunga pembe mbili kwenye kitasa.

Pembe hazikufika. Dada alikuwa ameshazishika, amerudi nyuma hatua tatu, anavuta.

"Shangazi anakusalimu," alisema dada. "Njoo katikati nikuambie alichofanya."